Shibiri Moja

Walikuja Matamba mwezi wa Juni,
baridi ikipasua midomo,
sakitu imelala juu ya viazi.
Watu watano, gari moja, mlingoti wa bati
wenye masikio manne kama mbuzi aliyeshtuka.
Wakauliza: fundi wa redio ni nani hapa?

Nilidhani wana redio mbovu.

Kumbe walitaka kimya.
Zima mashine ya kuchomelea, walisema,
zima simu, zima zile taa za bei poa
zinazopiga kelele bila sauti.
Huenda siku moja, huku juu Kitulo,
zikapandwa antena elfu
safu kwa safu kama miche ya misonobari,
zisikilize pamoja, sikio moja
lenye ukubwa wa tarafa.

"Lisikilize nini?"

Mhandisi wao, Tumpale, binti wa Tukuyu,
aliushika mkono wangu wenye makovu ya lehemu
akautandaza mezani, gumba mpaka kidole cha mwisho.
"Shibiri moja," alisema. "Pungufu kidogo.
Ndio urefu wa wimbi la haidrojeni,
gesi iliyotanda gizani
kabla nyota ya kwanza haijawaka."
Ila limesafiri miaka bilioni kumi na tatu na ushee,
na njia yenyewe inarefuka chini ya miguu yake,
basi nalo limevutika, likavutika,
kama sweta la shule lililomfikia mtoto wa nne.
Likitua hapa lina mita tatu.

Mita tatu! Nikacheka.
Mita tatu naijua, ni FM,
pale pale wanaposoma matangazo ya vifo,
bei ya mbolea, salamu kwa shemeji wa Ilembula.
Miaka thelathini nauvusha mshale haraka
juu ya ule mkwaruzo kati ya stesheni na stesheni,
nikiwaambia wateja: hapo hamna kitu.

Usiku wa pili, vijana wake wakaruka.
Tik, kila sekunde. Tik. Haikosi.
Wakataja nyota mfu zinazozunguka kama pia,
kila mzunguko zinatupa mwali mmoja.
Nikashusha kofia ya sufu, nikavaa visikilizio.
Tik.
Tik.
"Huo," nikasema, "ni uzio wa umeme wa shamba la ng'ombe.
Betri yake nilifunga mimi, mwezi wa tatu."

Tumpale alicheka mpaka chai ikammwagikia.
Kisha akaandika daftarini, kwa kalamu ya wino:
uzio, ng'ombe, fundi Nkwama.
Ndivyo nilivyoingia katika sayansi,
ubavuni mwa ng'ombe.

Usiku wa tatu uzio ulizimwa. Ndama wawili wakatoroka.
Hatukusikia kitu.
"Hatukutarajia," alisema, akionyesha juu
ule mkanda kama maziwa yaliyomwagika:
galaksi yetu yenyewe inavuma,
inalifunika wimbi lile maelfu ya mara.
Kama kumsikia kunguni akipumua kanisani
kwaya ikiwa imesimama.
"Ndiyo maana tunataka antena elfu."
"Na mkilipata?"
Alikunja waya kwanza, taratibu, ukaisha.
"Tutajua giza liliisha saa ngapi."

Wameondoka. Barua haijaja.
Wanasema ipo nchi ya jangwa isiyo na uzio wala fundi,
labda huko ndiko watakakochagua.
Sawa.

Jana Mama Sekela ameleta redio yake, kitufe kimelegea.
Nimekaza. Nimezungusha mshale
kutoka stesheni ya mahubiri kwenda ya mpira,
na katikati hapo
mkono ukasimama wenyewe.
Shhhhh.
"Bado imeharibika?" akauliza.
Hapana, mama.
Ngoja kidogo,
kuna kitu kinapita.